Koti, upinde, kifungo au karatasi: uchague kipi katika kumbukumbu za walinzi wapiga mishale wa Uskoti?

Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili lilipolazwa ndani ya Kanisa la St Giles mjini Edinburgh, miongoni mwa walioshika zamu kulizunguka walikuwamo watu waliovaa kijani iliyokolea, na kofia zao zimechomekwa unyoya mrefu. Hao ni Royal Company of Archers, walinzi wa heshima wa mtawala wa Uingereza anapokuwa Uskoti. Walioona picha zile wakavutiwa nazo mara nyingi huishia kwenye swali moja: nikitaka kuwa na kitu kimoja cha watu hawa nyumbani kwangu, nianze na kipi?

Kwanza tuwajue wenyewe. Kikosi kilianza mwaka 1676 kama chama cha watu wa Edinburgh waliopenda upinde. Mwaka 1704 Malkia Anne alikipa hati ya kifalme yenye sharti la aina yake: mtawala akidai, wapiga mishale wamkabidhi mishale miwili. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, katika ziara ambayo mwandishi Walter Scott ndiye aliyeipanga sherehe zake, na hapo ndipo chama cha michezo kilipogeuka kuwa walinzi wa mfalme. Jumba lao, Archers' Hall, lipo Buccleuch Street tangu miaka ya 1770, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere kati ya 1949 na 1952. Wangapi kati yetu tumepita mtaa ule bila kujua kilichomo nyuma ya mlango ule!

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kikosi hiki ni kidogo. Wanachama wake ni mamia tu, na majina yao yameandikwa kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo karibu kila kitu cha kweli kilichotoka kwao kilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na kazi ya mkusanyaji ni kumtafuta mtu huyo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha

Nitavipima vitu vya aina nne kwa maswali yaleyale matano. Je, kinaweza kuthibitishwa, yaani ipo silsila ya umiliki inayokitoa mkononi mwa mpiga mishale hadi kwa muuzaji? Kitakugharimu nini, siku ya kukinunua na miaka inayofuata? Kitavuka mpaka bila matatizo ya sheria? Kitadumu katika hewa ya nyumbani kwako? Na mwisho, ukikishika kinakusimulia nini?

Swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine, lakini hilo ni langu. Mwenye nyumba ya vyumba viwili huko Kariakoo au Eastleigh ana haki ya kuanza na la nne.

Mavazi na upanga

Hapa ndipo macho ya wengi huenda kwanza, na wana sababu. Sare ya kawaida ni koti la kijani iliyokolea lenye mapambo meusi na mstari mwembamba mwekundu wa damu ya mzee, suruali ya rangi hiyohiyo, mkanda mweusi wa ngozi, upanga mfupi na kofia ya Kiskoti yenye unyoya wa tai. Ipo pia sare ya kwenda ikulu, yenye nyuzi za dhahabu na vipambo vya mabegani. Ukikuta koti la tartani, yaani kitambaa cha mirabaraba ya Kiskoti, usilikatae haraka: karne ya 18 wapiga mishale hawa walivaa tartani, na kijani hii tuliyoizoea ilikuja karne iliyofuata. Lakini koti la kweli la enzi ile ni adimu mno, na anayedai analo aonyeshe karatasi.

Uthibitisho wa koti umo mfukoni mwake. Mafundi cherehani wakubwa wa Uingereza wana desturi ya kushona kitambaa kidogo ndani ya mfuko wa ndani, chenye jina la mteja na tarehe. Kitambaa hicho kikiwapo, una jina la kulitafuta katika orodha za wanachama. Kikiwa kimeng'olewa, una vazi zuri tu. Kofia ni ya kuangaliwa kwa tahadhari zaidi. Unyoya mmoja ni wa mpiga mishale wa kawaida, miwili ni ya afisa, mitatu ni ya Kapteni Jenerali mwenyewe, yaani mkuu wa kikosi. Manyoya huchomolewa na kuchomekwa kwa dakika moja, hivyo usilipe bei ya afisa kwa sababu ya unyoya wa pili.

Gharama yake ndiyo ya juu kati ya aina hizi nne, na haiishii siku ya mnada. Seti nyingi huuzwa pungufu: koti bila mkanda, upanga bila ala. Ukishanunua nusu, moyo hautatulia mpaka upate nusu ya pili.

Mpakani ndipo penye mtihani mkubwa. Unyoya wa tai wa dhahabu unalindwa kisheria. Nchini Uingereza kuuza sehemu yoyote ya ndege huyo huhitaji cheti rasmi, isipokuwa vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1947, na kuvuka mipaka kunaingia katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Ndugu zetu walioko Marekani wasikilize kwa makini: sheria ya huko ya kulinda tai inakataza kununua na kuuza manyoya ya tai wa dhahabu hata kama ni ya zamani. Mwombe muuzaji autoe unyoya kabla ya kutuma. Kofia bila unyoya ni bora kuliko mzigo uliokamatwa. Upanga nao una mambo yake; ulizia forodha na polisi wa nchi yako, na usome masharti ya kampuni ya usafirishaji kuhusu silaha zenye makali.

Nyumbani, adui wa sufu ni nondo na ukungu. Koti likae limelala ndani ya sanduku, limetenganishwa na karatasi isiyo na asidi, likaguliwe kila baada ya miezi michache. Kwenye mwambao wetu, ambako hewa ina chumvi na unyevu, nyuzi za dhahabu hupoteza mng'ao wake, na kuzisugua ni kuzimaliza. Asiye na chumba kikavu atalitesa koti la watu.

Vinamfaa nani? Mtu mwenye nafasi, mwenye uvumilivu wa kujaza seti, na anayetaka kitu ambacho mgeni akiingia sebuleni atasimama mbele yake. Vinaifaa pia makumbusho ndogo au shule yenye kabati la kioo.

Upinde na mishale

Kwangu hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe. Kabla hawajawa walinzi, watu hawa walikuwa wapiga upinde, na bado wanapiga. Shindano lao la masafa marefu ni la yadi 180, karibu mita 165, wakilenga alama iliyo chini kule mbali. Anayetoka jamii ya Wakamba au Wahadza ataelewa mara moja maana ya masafa hayo.

Upinde wa Kiskoti wa karne ya 19 una urefu unaokaribia au kuzidi kimo cha mtu. Ulio bora ulichongwa kutoka mti mmoja wa Ulaya ambao mbao zake ni nyeupe upande wa nje na nyekundu upande wa ndani, na ncha zake mbili zimevishwa pembe yenye mkato wa kushikia upote. Karibu na mshikio tazama muhuri wa fundi na namba inayoonyesha uzito wa kuuvuta kwa ratili. Jina linalotafutwa sana ni la Peter Muir, fundi aliyefanya kazi Archers' Hall katika karne hiyo, na ambaye mwenyewe alikuwa mpiga upinde hodari.

Sasa hapa wengi huteleza. Muhuri wa Muir unathibitisha fundi, hauthibitishi mnunuzi. Muir aliwauzia wapiga upinde wengi ambao hawakuwa wanachama wa kikosi. Kwa hiyo muuzaji akisema, "Huu ni upinde wa walinzi wa mfalme, tazama muhuri," muulize ulitoka katika nyumba ya nani.

Mishale husema zaidi. Kila mtu alikuwa na rangi zake, mikanda myembamba iliyopakwa chini ya manyoya, ili mishale ikiokotwa uwanjani kila mmoja ajue wake. Na mingi imegongwa namba ndogo ambayo huwachanganya wageni: si urefu wala tarehe, ni uzito wa mshale uliopimwa kwa sarafu za fedha za Kiingereza. Ukiona 4.9, maana yake ni uzito wa shilingi nne na peni tisa. Mara ya kwanza nilipoelewa namba hiyo nilishika mshale ule kwa muda mrefu. Fundi aliuweka kwenye mizani mbele ya sarafu halisi, mmoja baada ya mwingine, hadi ikalingana. Tofautisha pia mshale wa mazoezi, ambao chembe chake ni butu na laini, na ule wa sherehe wenye ndoana, unaokumbusha mishale miwili ya hati ya 1704.

Bei ya upinde huwa chini ya seti ya mavazi, na mshale mmoja uko chini zaidi. Gharama iliyojificha ni usafiri, kwa sababu kifurushi cha karibu mita mbili hutozwa kama mzigo usio wa kawaida, na kikipinda njiani hakinyooki tena. Mpakani hapana ugumu mkubwa, ila tangaza kwamba ncha ni za pembe ya mnyama wa kufugwa, na manyoya ya mshale ni ya ndege gani. Nyumbani, uweke umelala juu ya vigingi kadhaa, mbali na dirisha na mbali na ukuta wenye mchwa. Usiusimamishe pembeni ya kabati. Na usiuvute! Upinde wa miaka 150 ukifungwa upote ukavutwa, huvunjika, na wakati mwingine humjeruhi aliyeuvuta.

Unamfaa anayependa ufundi wa mikono, mpiga upinde wa leo, na yeyote ambaye kwao upinde ulikuwa chombo cha kazi. Haumfai mwenye watoto wadogo wasioweza kuona kamba bila kuivuta.

Beji, vifungo na medali

Ni vidogo, vinaingia kwenye bahasha, na bei yake inamruhusu mtu wa kipato cha kawaida kuanza. Forodha hazisumbui. Utunzaji ni kisanduku kikavu na mikono safi. Shaba na fedha zisisuguliwe kwa dawa za kung'arisha, kwa maana kila msuguo huondoa alama.

Ugumu wote uko kwenye uthibitisho. Mwisho wa karne ya 18 upinde ulivuma Uingereza nzima, na vyama vingi vikajishonea makoti ya kijani yenye vifungo vya mishale: Royal Toxophilite Society ya London ya mwaka 1781, Woodmen of Arden ya 1785, na vingine. Niliwahi kulipia vifungo sita nilivyoambiwa ni vya walinzi wa Uskoti, na baada ya wiki mbili za kulinganisha picha nikagundua ni vya chama cha Kiingereza. Muuzaji hakunidanganya kwa makusudi, naamini hivyo, lakini sikuuliza maswali niliyopaswa kuuliza. Tangu hapo naanza na mgongo wa kifungo, penye jina na anwani ya mtengenezaji, kwa sababu anwani hubadilika na miaka. Kisha natazama taji, kama lipo. Taji lenye matao yaliyopanda kwa duara, kwa kawaida, ni la wafalme wa 1901 hadi 1952, na sasa pia la Charles wa Tatu. Lililobonyea katikati ni la enzi ya Elizabeth wa Pili.

Medali zina tabaka mbili. Zile za kutawazwa kwa wafalme, kwa mfano ya 1911, zilitolewa bila jina la aliyepewa, hivyo medali peke yake haiwezi kukuambia ilikuwa kifuani mwa mpiga mishale. Bila barua au picha, ni medali ya 1911 tu, nayo ilitolewa kwa watu wengi. Medali za ushindi ni jambo jingine: hizo huchorwa jina la mshindi na mwaka. Kama ni ya fedha ya Edinburgh, tafuta mhuri wa ngome yenye minara mitatu, na ua la mbaruti lililotumika kuanzia 1759 hadi katikati ya miaka ya 1970. Herufi iliyo kando yake itakupa mwaka.

Usichanganye hizo na medali zinazotundikwa kwenye mishale ya fedha ya mashindano. Mshale wa Musselburgh, mji jirani na Edinburgh, una medali ya mwaka 1603, ya zamani kuliko kikosi chenyewe, na kila mshindi huongeza yake. Hizo haziuzwi. Akikuletea mtu moja sokoni, ondoka.

Aina hii inamfaa anayeanza, anayehama nyumba mara kwa mara, na mwenye jicho la subira kwa alama ndogo. Haimfai anayetaka ukuta uliojaa.

Karatasi: michoro, vitabu, picha na hati

Ni aina inayodharauliwa, na nadhani wanaoidharau wanajinyima. Mwaka 1791 kikosi kilimwagiza Henry Raeburn, mchoraji mkubwa wa Uskoti ambaye naye alikuwa mwanachama, amchore Daktari Nathaniel Spens akiwa amevuta upinde, amevaa tartani, mbaruti imeota karibu na miguu yake. Mchoro wenyewe huwezi kuununua, lakini John Beugo aliuchonga kwenye bamba la shaba mwaka 1796, na nakala za chapa hiyo hutokea sokoni. Chapa ya kweli ina alama ya bamba iliyozama kuzunguka picha, unaihisi kwa kidole. Nakala ya kisasa ni laini yote. Ukiikuza kwa kioo, ya kweli inaonyesha mistari, ya kisasa inaonyesha vitone.

Kitabu cha James Balfour Paul kuhusu historia ya kikosi, kilichochapishwa Edinburgh mwaka 1875, ni kumbukumbu na ni chombo cha kazi kwa wakati mmoja, kwa sababu kina orodha za wanachama. Ukipata jina kwenye mfuko wa koti au nyuma ya medali, utalitafuta humo. Kwa hiyo hata mwenye kuchagua koti, kitabu hiki kitamtumikia.

Picha za studio za karne ya 19, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu, zina jina la mpiga picha nyuma na mara nyingine jina la aliyepigwa kwa wino. Juu ya hizo zipo hati za uanachama na barua. Mshairi Robert Burns alipokewa na kikosi mwaka 1792, na hilo linaonyesha jinsi hati moja ya uanachama inavyoweza kubeba uzito.

Bei zimeenea sana, kuanzia kadi ya posta ambayo mwanafunzi anaimudu hadi hati ambayo itapiganiwa na maktaba. Usafiri ni rahisi, ila hati zilizoandikwa kwa mkono zenye umri wa zaidi ya miaka 50 zinahitaji kibali cha kuzitoa Uingereza hata kama thamani yake ni ndogo. Liulizie hilo kabla ya kulipa. Jua na unyevu ndivyo adui wa nyumbani. Picha isitundikwe mkabala na dirisha la magharibi, na fremu iwe na kadi isiyo na asidi nyuma yake, la sivyo madoa ya kahawia yataanza kutokea.

Inamfaa msomaji, mtafiti, mwalimu, na mwenye bajeti ndogo anayetaka uhakika mkubwa.

Kulingana na hali yako

Kama fedha ni kidogo na ndiyo mara ya kwanza, chagua kati ya picha ya studio yenye jina na mshale mmoja wenye rangi za mwenyewe. Picha ni salama zaidi, mshale unashikika. Vifungo viwe chaguo lako endapo tu utakubali kujifunza migongo yake kwanza.

Kama unaishi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat, bila kiyoyozi cha kudumu, ningekusogeza upande wa fedha na shaba. Nairobi au Arusha, ambako hewa ni kavu kiasi, karatasi na mbao zinawezekana.

Ukiwa Marekani, aina yoyote isipokuwa iliyo na unyoya wa tai. Ukiwa Uingereza una nafasi ambayo sisi wengine hatuna: nenda kwenye mnada, fungua mfuko wa koti, geuza kifungo, pitisha kidole kwenye chapa kabla ya kunyoosha mkono.

Kama unataka zawadi kwa mzee anayependa historia, kitabu cha 1875 kitamkalisha kibarazani jioni nyingi. Kama ni kwa ajili ya shule au makumbusho, mavazi ndiyo yatakayowasimamisha watoto, hata yakiwa pungufu, mradi kibao kiseme kweli ni nini kinachokosekana.

Na kama tayari una vitu viwili mezani vya bei moja, kimoja kinang'aa bila jina na kingine kimechakaa lakini kina jina la mtu na mwaka, mwandikie muuzaji wa hicho cha pili leo, umwombe picha ya jina hilo kwa karibu, kisha ulitafute kwenye orodha.